Kondoo wa Kumfaa Osla

Osla Halcrow alipiga magoti kwenye tope, mikono yote miwili imezama katika sufu ya shingo ya kondoo jike wa jirani yetu Lowrie, akageuza uso ili atuambie kwamba sasa amempata. Hakuwahi kusema. Kondoo aliondoka naye. Alimburura kando ya hori la maji, kiatu chake kimoja cha mpira kikabaki nyuma kimesimama wima kwenye tope, na safari ikaishia kwenye kona ya zizi ambako samadi hujikusanya.

“Mwachie!” Lowrie alipiga kelele kutoka juu ya ukuta wa mawe. “Mwachie, Osla, utanichoshea mnyama!”

Girzie, jirani yetu wa nyumba ya juu, ambaye uzee umemnyang’anya meno lakini ulimi ukamwachia, alicheka hadi akajishikilia kwenye lango. Mimi nilikwenda kuokota kiatu.

Osla alikaa pale pale kwenye samadi, akajifuta uso kwa mkono wa sweta. “Huyu ana uzito gani?”

“Anakuzidi wewe na mwalimu mkifungwa pamoja,” Lowrie alisema kwa fahari. Kondoo wake wana damu ya Texel, aina kubwa ya nyama, vifua vipana kama milango, na kila vuli wanunuzi huwagombania. “Hao ndio kondoo, johari yangu. Hao wengine mnaowasifu ni panya waliovaa sweta.”

“Basi nitafuga panya,” Osla alisema, akaninyooshea mkono nimvute. Alikuwa anacheka. Nilipomvuta akageuka mara moja kumpima yule kondoo kwa macho.

Hakuwa anacheza. Osla ni mpishi wa shule yetu hapa kisiwani Yell, shule ninayofundisha mimi. Ni mwanamke mfupi, wa miaka hamsini na kidogo, mwenye mabega yaliyokomazwa na masufuria. Mama yake alifariki majira ya kuchipua, akawaachia yeye na kaka yake Ertie shamba dogo: nyumba, zizi, na malisho yanayoteremka hadi ufukweni. Mnyama hakuwepo hata mmoja. Kondoo wa mama walikuwa wa aina ya Cheviot, warefu na wenye haraka, na waliuzwa baada ya mmoja wao kumwangusha mama langoni akavunjika nyonga. Mama alilala kwenye nyasi tangu asubuhi. Ertie, aliyekuja kumtembelea kwa feri ya jioni, ndiye aliyemkuta.

Ertie ni mvuvi, anaishi kisiwa cha Whalsay na familia yake. Alipopiga simu baada ya mazishi hakuzunguka. Osla alikuwa ameiweka simu mezani, sauti ikasikika jikoni kote nilikokuwa nikimmenyea viazi.

“Shamba tumkodishe Lowrie,” Ertie alisema. “Wewe kaa ndani ya nyumba, palilia bustani.”

“Mimi nataka kondoo.”

“Mama naye alitaka kondoo.”

Nilisikia injini ya chombo upande wa Ertie, na mtu akimwita.

“Nitakuja mwisho wa Novemba,” akasema mwishowe, “kabla madume hayajaachiwa majike. Nitakuonyesha kondoo mmoja kwa kidole. Umkamate mwenyewe, umkalishe kitako mwenyewe, umkague kwato. Bila Lowrie, bila mwalimu, bila mbwa wa mtu. Ukiweza, sehemu yangu ya shamba ni yako. Usipoweza, Lowrie anaingia kesho yake, nami nalala usingizi.”

“Usingizi utalala,” Osla alimwambia, “lakini si kwa sababu hiyo.”

Ndiyo maana tukawa kwenye tope la Lowrie mwezi wa Septemba, tukijaribu kondoo kama watu wanavyojaribu viatu.

Habari ilienea, na kila mtu akawa na maoni. Dukani walimwambia achukue kondoo wa uso wa manyoya kutoka kusini mwa Uingereza, wapole kama mito ya kulalia. Kwenye feri mtu mmoja alimwonyesha picha ya kondoo wa kisiwa cha Wafaransa wasiofika magotini. “Hao nitawakanyaga nikitoka kumwaga maji,” Osla alisema, lakini picha aliitazama mara ya pili. Alikuwa amechangamka. Kwa miezi mingi baada ya msiba nilikuwa nimemzoea akipakua chakula bila kuinua macho. Sasa alikuwa anaongea huku uji ukiungua.

“Asizidi gunia la viazi,” aliniambia. “Hicho ndicho kipimo changu. Gunia la viazi nalibeba kila Jumatatu tangu nikiwa msichana. Kondoo nisiyeweza kumbeba simtaki, hata awe na cheti cha mfalme.”

Kondoo wa namna hiyo wapo, na ni wetu. Visiwa vya Shetland vilikuwa na kondoo wadogo kabla havijawa na barabara. Lakini nyumba nyingi zimefungwa mapazia siku hizi, mashamba yao yameunganishwa, na aliyebaki huwafuga wale wakubwa weupe wa sokoni. Ukipita unaona nyasi nzuri, kondoo wanene, na bomba la moshi lisilotoa moshi. Kwa hiyo mtu anaweza kuzaliwa hapa, kama Osla, akafika utu uzima bila kumshika kondoo wa kwao.

Girzie anao, huko mlimani, kwenye malisho ya pamoja.

“Unazunguka nini?” alimwuliza Osla, sindano zake za kufuma zikigongana bila yeye kuzitazama. Tulikuwa jikoni kwake, tunakunywa chai na mikate yake iliyokaangwa bila mafuta. “Kesho kutwa tunawashusha. Njoo uchague. Ninao wa kila rangi aliyoumba Mungu na mbili ambazo hakukusudia.”

“Ana uzito gani kondoo wako?”

“Nilimtupa mmoja juu ya ukuta mwaka jana, nami nina goti la bandia.”

Osla alinitazama. Macho yalikuwa yanang’aa kama ya mtoto aliyeambiwa feri haitembei na shule imefungwa.

Siku ya kuwashusha tulijipanga mlimani, kila mtu na mwenzake umbali wa kuitana, tukateremka pamoja tukipunga makoti na kupiga kelele. Kondoo walitoka mashimoni na nyuma ya vichaka wakawa mkondo mmoja unaokimbia mbele yetu: weusi, kahawia, kijivu, weupe, wenye matumbo meusi na migongo myeupe. Lowrie alikimbia na mbwa wake akitukana kila kitu. Mimi nilianguka kwenye kinamasi, nikainuka, nikaendelea kupiga kelele. Sikumbuki mara ya mwisho nilipiga kelele vile. Wakaingia zizi la mawe, lango likafungwa, na Girzie na Osla wakauegemea ukuta kama wanawake mbele ya meza ya vitambaa.

Hapo ndipo tulipokosea, na ni kosa ambalo watu wasiofuma wasingelifanya.

“Huyo wa rangi ya chai nzito!” Osla alisema. “Ona shingo!”

“Huyo ndiye sufu yake nilimfumia kasisi,” Girzie alisema. “Laini kama dhambi. Na yule wa kijivu cha jivu?”

“Namtaka. Wa kijivu kwa mwili wa sweta, wa chai kwa mistari. Na mweusi.”

“Mweusi huyo jua limemchoma ncha, atakupa rangi mbili kwa bei ya moja.”

“Na yule mwenye uso wa madoa! Mwalimu, yule! Hatutatia rangi uzi wowote!”

“Mchukueni na yule!” mimi nami nikapaza sauti, nikimwonyesha mmoja wa rangi ya mchanga uliolowa. Sote watatu tulikuwa tumeshawavua kondoo wale sufu yao, tumeisokota na kuifuma. Osla alichagua sita. Hakumgusa hata mmoja kwa kutaka kujua tabia yake. Tuliwapakia wakihema, tukawaachia kwenye malisho ya mama yake, na jioni ile alisimama ukutani akiwatazama mpaka rangi zote zikawa moja.

Asubuhi malisho yalikuwa matupu. Juu ya jiwe la mwisho la ukuta palikuwa na kishungi cha sufu ya rangi ya chai.

Simu ililia kabla hatujarudi ndani. “Osla, johari yangu,” Girzie alisema, “umeniletea wageni. Jana mchana niliuza kondoo, leo nimeamka ninao. Sijawahi kufanya biashara nzuri hivi maishani.”

Tuliwarudisha. Waliruka ukuta kabla hatujafunga mlango wa trela, mmoja baada ya mwingine, bila chuki, kama watu wanaowahi kazini. Kondoo wa mlimani hujifunza mteremko wake akiwa ubavuni mwa mama yake, na hapo ndipo kwao mpaka afe. Kila mtu hapa analijua hilo. Osla alilijua, Girzie alilijua, mimi ningeweza kulifundisha darasani. Tulilijua na rangi zikatuziba macho.

“Chukua hela zako,” Girzie alimwambia, safari hii bila mzaha. “Tulikuwa tunanunua uzi, mimi na wewe. Kondoo hatukuwatazama.”

Lowrie alipita na trekta, akapunguza mwendo kwa makusudi. “Panya wameota mabawa!”

Na Ertie, ambaye habari humfikia Whalsay kabla hazijaisha kutokea, alipiga simu jioni. “Nasikia kondoo wako wanafuata ratiba kuliko feri.”

“Umemaliza?”

“Nimemaliza. Osla, hulazimiki. Hakuna atakayekucheka.”

“Wote wananicheka sasa hivi, Ertie. Wewe ndiye wa mwisho kwenye foleni.”

Alikata simu, akakaa. Oktoba ilikuwa inaisha, siku zinajikunja mapema, na nje upepo ulikuwa unapita kwenye malisho yale matupu kama mtu anayetafuta kitu alichoweka mwenyewe. Nilitaka kumwambia kwamba bustani nayo ni kitu kizuri. Nashukuru sikumwambia.

Jumatatu iliyofuata ilikuwa siku ya supu ya nyama ya kondoo ya kukaushwa. Osla aligonga sufuria kwa upawa, watoto wakaja, nami nikawa nimesimama pembeni kuwazuia wasisukumane. Alipakua bakuli mbili, tatu, kisha upawa ukabaki hewani.

“Watazame,” alisema.

“Wamefanya nini?”

“Hawajafanya kitu. Watazame tu.” Alikuwa ameinama juu ya meza, ananong’ona kwa haraka. “Siku ya kwanza ya mwaka sijui jina la hata mmoja. Lakini nikigonga sufuria, namjua atakayekuja mbele, namjua atakayekuja akimfuata mwenzake, na namjua yule atakayesimama mlangoni mpaka avutwe. Na hawabadiliki! Yule wa mlangoni ni wa mlangoni mpaka anaondoka hapa. Mwalimu, mimi nilichagua rangi. Sikugonga sufuria!”

“Supu inapoa,” mtoto mmoja alimkumbusha.

“Ipoe!” Osla alisema, akacheka kwa sauti hata wapishi wa nyuma wakachungulia.

Jumamosi tulivuka kwenda kisiwa cha Unst. Girzie alikuwa ametuambia kuna mtu anaitwa Gibbie, hajaoa, anafuga kondoo wadogo wa kwetu ambao hawajawahi kuuona mlima. Vizazi na vizazi vyao vimekulia kwenye malisho yaliyozungushiwa ukuta nyuma ya nyumba. Anapunguza kundi kwa sababu ya kifua chake. Tulimkuta ameshatupangia wachache zizini, nyuso zimepanguswa, mikia imechambuliwa.

“Hawa ni wa maonyesho,” alisema. “Tazama mkia ulivyo kama jani. Tazama nyonga.”

“Wazuri sana,” Osla alisema. “Wengine wako wapi?”

“Wengine ni wengine tu. Wako malishoni.”

“Niazime ndoo.”

“Ndoo ya nini?”

“Ya kugonga.”

Gibbie alinitazama mimi, kama watu wanavyomtazama aliyekuja na mgonjwa. Lakini ndoo aliileta, ina konzi ya shayiri chini. Osla aliingia malishoni peke yake. Alikwenda hadi katikati, akasimama, akagonga.

Vichwa vyote viliinuka. Nusu yao waligeuka wakakimbilia ukuta wa mbali na kutupa macho kutoka huko. Wachache walibaki wanatafakari. Kisha akatoka mmoja mwenye sikio lililochanika, mdogo, rangi isiyo na jina, anakuja mbio fupi fupi moja kwa moja, na nyuma yake wawili, na nyuma yao mwingine akisukumana. Osla hakuwapa shayiri. Alishusha mkono pole pole chini ya kidevu cha yule wa kwanza, na yule kondoo akauacha mkono ukae.

“Huyu!” Osla alisema, kwa sauti ya mtu aliye kanisani.

“Huyo sikio lake bovu,” Gibbie alimwonya. “Waya ulimchana.”

“Simfugi asikilize redio.”

“Na yule wa pembeni, samahani, yule ana rangi ya maji ya kuoshea vyombo.”

“Naosha vyombo kila siku, Gibbie. Siyaogopi.”

Aliwapitia mmoja mmoja. Alifungua midomo akatazama meno. Alipiga magoti akapapasa viwele. Palikuwa na mmoja mzuri, kahawia, mwenye macho ya upole, aliyekuja karibu kabisa na kumnusa shavuni, nilishampenda. Osla alipapasa kiwele chake, akarudia, akasimama.

“Kuna uvimbe mgumu. Huyu hapana.”

“Lakini amekuja!” nilisema.

“Amekuja. Ila hatanyonyesha.” Alimkwaruza kichwani, akampa konzi ya shayiri peke yake, akaendelea na mwingine. Wiki chache nyuma angemchukua kwa rangi tu.

Alipomaliza alimrudia yule wa sikio lililochanika. Akainama, akapitisha mkono mmoja mbele ya kifua na mwingine nyuma ya mapaja, akavuta pumzi, akainuka. Kondoo aliinuka naye, miguu minne hewani, akionekana kushangaa tu kwamba malisho yako mbali.

“Gunia la viazi!” Osla alipiga kelele. “Mwalimu! Ni gunia la viazi!”

Alizunguka naye mara mbili kabla ya kumweka chini. Gibbie alivua kofia, akajikuna, akaivaa tena.

“Nimeuza kondoo tangu ujana,” alisema, “kwa sufu, kwa nyama, kwa mkia. Kwa viazi, leo ndiyo mara ya kwanza.”

Kwenye feri tuliacha viti, tukasimama karibu na trela njia yote, baridi inatuuma, Osla akiwahesabu kupitia kwenye nafasi za mbao na kuwaambia majina aliyokuwa anayabuni papo hapo. Mfanyakazi wa feri alichungulia. “Hawa nao watarudi kesho?” aliuliza. “Niwawekee nafasi?”

“Weka nafasi ya mdomo wako,” Osla alisema, na yule mfanyakazi mwenyewe akacheka.

Hawakurudi. Asubuhi walikuwepo, na kesho yake, na wiki iliyofuata. Kila siku kabla ya shule na baada ya shule alikuwa nao, na kila siku alikuwa anaanguka. Kumkalisha kondoo kuna namna yake: unageuza kidevu chake kuelekea bega lake mwenyewe, mkono wako mwingine uko nyongani, unarudi nyuma hatua moja, naye anakaa kitako kati ya magoti yako kama mzee anayenyolewa. Ukiichelewesha hatua ile, anayekaa kitako ni wewe. Nilimwona akikaa kitako kwenye theluji ya kwanza, kwenye miiba, kwenye kila kitu kondoo wanachoacha nyuma yao. Kisha siku moja aliacha kuanguka.

Ertie alikuja siku ambayo mimi, ningekuwa yeye, ningebaki kwetu. Upepo wa kusini magharibi ulikuwa umepanda tangu alfajiri, na feri aliyokuja nayo ndiyo iliyokuwa ya mwisho kuthubutu kwa saa kadhaa. Ni mtu mkubwa, mkimya, wa kutembea kama sakafu itasogea. Alimkumbatia dada yake kwa mkono mmoja, akatusalimu mimi na Girzie na Lowrie, ambaye alikuwa amekuja, alivyosema mwenyewe, kupunga hewa.

“Haya,” Ertie alisema. “Kondoo wako wako wapi?”

Malisho yalikuwa matupu.

Lowrie alifungua mdomo, Girzie akamkanyaga mguu. Osla alitazama nyasi, akatazama ukuta, kisha akatazama chini kabisa, kule ambako malisho yanakatika kwenye ukingo na mawe ya ufukwe yanaanza.

“Wanakula mwani,” alisema. “Maji yalikuwa yamekupwa.”

“Yanajaa sasa,” Ertie alisema.

“Naona.”

Walikuwa chini ya ukingo, wametawanyika kwenye miamba, wanatafuna, wametupa migongo upande wa upepo. Osla aligonga ndoo. Upepo uliichukua sauti ukaenda nayo Norwe. Aligonga tena, kwa nguvu. Hata mimi niliyesimama karibu niliisikia kwa shida. Hakuna kichwa kilichoinuka.

“Huku ni hivi miezi mitano kwa mwaka, Osla,” Ertie alisema. Hakusema kwa ushindi. “Ndoo ni ya siku tulivu.”

“Nionyeshe kondoo.”

“Si leo. Tungoje upepo—”

“Ulisema mwisho wa Novemba. Nionyeshe!”

Ertie alinyoosha kidole. Alimwonyesha wa mbali kuliko wote, yule wa rangi ya maji ya vyombo, aliyesimama kwenye mwamba wa mwisho na mawimbi yakimwagika pande zote mbili.

Osla aliweka ndoo chini. Alishuka ukingo, akaanza kutembea kwenye mwani. Hakukimbia. Angekimbia, wangetawanyika kwenye mawe na pengine kuvunjika miguu. Alitembea akiyumba, mikono imelegea, na mdomo wake ulikuwa unaenda. Alikuwa anaongea nao, ingawa neno hata moja halikutufikia. Aliwapita wa kwanza. Walimtazama, wakaendelea kutafuna. Aliwapita wa katikati. Yule wa mwisho aliinua kichwa, akapiga hatua moja nyuma, na nyuma palikuwa maji.

“Taratibu,” Ertie alinong’ona. “Taratibu, taratibu.” Alikuwa ameushika ukuta kwa vidole vyote.

Mkono ulikwenda chini ya kidevu. Ukakaa. Kichwa kikageuzwa, Osla akarudi nyuma ile hatua moja, na mguu wake ukateleza kwenye mwani. Walianguka wote wawili, kondoo juu.

Ertie alikuwa ameshauvuka ukuta kwa mguu mmoja. Girzie alimkamata koti kwa mikono miwili. “Ulisema mwenyewe! Bila msaada!”

“Niachie, mama, niachie—”

“Tazama kwanza, kijana!”

Tulitazama. Kutoka kwenye ule mchanganyiko wa sufu na mwani, Osla aliketi. Hakuwa amemwachia. Alijiviringisha chini ya mzigo ule mdogo, akajiegemeza kwenye mwamba, na kondoo akawa amekaa kati ya miguu yake, tumbo mbele, anaitazama bahari. Osla alishika mguu mmoja akauinua juu, akautingisha kwetu, na kinywa chake kiliumba neno tulilolielewa bila kulisikia: kwato! Akainua wa pili. Wa tatu. Wa nne. Girzie alikuwa anapiga mayowe kama yuko kwenye mashindano ya mashua. Mimi pia, kumbe.

Kisha wimbi likaja likajaza mfereji kati yake na ukingo.

Hakungoja la pili. Alisimama, akapitisha mikono chini, akambeba yule kondoo kifuani, akaingia kwenye maji yaliyomfika mapajani, akatembea. Ertie sasa alikuwa ameshashuka hadi ukingoni, hakuna aliyemzuia. Alinyoosha mikono yake mikubwa.

“Usiniguse!” Osla alimfokea. Hili tulilisikia. “Bado!”

Ertie alirudisha mikono. Nadhani hakuna kazi ngumu kuliko hiyo aliyowahi kufanya baharini. Osla alimwinua kondoo, akamweka juu ya nyasi, akapanda kwa magoti, akalala chali akihema na kucheka. Yule kondoo alijikung’uta, akaita, na wengine wakaanza kupanda ukingo mmoja mmoja, midomo bado imejaa mwani.

Ertie alichutama. Alimwekea kondoo mkono mgongoni, akambonyeza, akazipapasa mbavu zake chini ya sufu iliyolowa, muda mrefu.

“Mdogo hivi,” alisema.

“Ndiyo.”

“Mama angemmudu huyu.”

Osla aliacha kucheka. Aligeuza kichwa akamtazama kaka yake.

Ni Lowrie aliyeshindwa kuvumilia. Alikuwa ametufuata na koti lake mkononi, akamfunika Osla mabega, na nadhani alitaka kusema jambo jema. “Basi mimi nitakuazima dume langu,” alisema. “Bure. Utapata wana wa haja.”

“Dume lako!” Girzie alisema.

“Dume lako litawaua,” Ertie alisema, akainuka. “Wana wenye vichwa kama ndoo kwenye matumbo haya? Na yeye yuko peke yake Mei, anazalisha? Dume lako lisitie mguu hapa.”

“Nilikuwa natoa tu—”

“Gibbie anayo madume,” Osla alisema kutoka chini, meno yakigongana kwa baridi. “Madogo. Ana moja jeusi ambalo nilikuwa nalitazama. Kwa tabia! Nilikuwa nalitazama kwa tabia.”

Ertie alimshika mkono, na safari hii Osla alikubali kuvutwa. Alimtoa kipande cha mwani kwenye nywele, akakitazama, akakitupa.

“Shamba lako halina dume, Osla,” alisema. “Feri ya Unst inaanza tena saa ngapi?”

“Saa tisa, upepo ukishuka.”

“Trela ni zima?”

“Zima.”

“Basi twende.”

“Ngoja,” Osla alisema, akianza kukimbia kuelekea nyumbani, viatu vyake vinamwaga maji kila hatua. “Ngoja nibadilishe soksi!”